Kuelekea Kusini kwa Mashua Wakati wa Baridi

Wengi wenu mnatukumbuka: mmoja wetu alikuwa akitengeneza baiskeli karibu na soko, na mwingine alikuwa fundi cherehani. Sasa tunaishi Norfolk, mji wa bandari katika jimbo la Virginia, Marekani. Tumeombwa tuandike juu ya mahali tulipo. Habari za maghorofa na maduka makubwa mmeshazisikia, kwa hiyo leo tuwape habari za maji, maana wengi wetu tumezaliwa kando ya Tanganyika na maji tunayajua.

Watu wanaohama na baridi

Huku kuna watu, wengi wao wazee waliostaafu, ambao kila mwaka baridi inapokaribia wanapakia vitu kwenye mashua na kushuka kusini mpaka Florida, wengine mpaka visiwa vya Bahama. Majira yakibadilika wanarudi kaskazini. Wenyeji wanawatania kwa kuwaita ndege wa theluji, kwa sababu ndege nao hufanya hivyo hivyo. Wanaobaki kaskazini huinua mashua zao na kuziweka nchi kavu, zikafunikwa turubai hadi jua lirudi.

Njia yao haipiti baharini moja kwa moja. Kuna njia ya maji ya ndani, mito na ghuba na mifereji iliyochimbwa na kuunganishwa, iliyojikinga nyuma ya visiwa vya pwani. Maili sifuri ni hapa Norfolk. Ukifika Miami umekwenda maili 1,090 hivi, yaani karibu kilomita 1,750. Faida yake ni kwamba unaikwepa rasi ya Hatteras, ambako meli nyingi zimezama.

Karibu na karakana ya mashua anakofanya kazi mmoja wetu kuna mume na mke wenye mashua ya tanga ya mita 11. Umri umekwenda, magoti ya mama yanauma, wakatuomba tuwasaidie kuitengeneza, kisha tuwasindikize mpaka St. Augustine, Florida. Kwao mtu mzima huitwa kwa jina lake tu. Sisi tulishindwa, tukawaita Baba na Mama, na baada ya wiki moja nao walizoea.

Kazi ya wiki sita

Sisi kwetu, boti ikivuja tunaziba nyufa kwa pamba, tunaisukuma majini, basi. Huku tulishangaa. Walikuwa na daftari lenye orodha ya mambo zaidi ya 60, na kila jambo limeandikwa nani atalifanya.

Kwanza mashua ilitolewa majini, tukakwangua magamba ya wadudu wa bahari walioganda chini kama saruji. Tukapaka rangi yenye shaba ndani yake, ambayo wadudu hao hawaipendi. Halafu kuna vipande vya zinki vinavyofungwa karibu na propela. Maji ya chumvi hula madini, na yakikuta zinki yanaanza na hiyo, propela inasalimika. Kila mwaka zinki iliyoliwa inatupwa, mpya inafungwa.

Kwenye injini tulibadilisha oili, mikanda na filta za dizeli, pamoja na kile kipande cha mpira ndani ya pampu kinachovuta maji ya kupoza injini. Ni kidogo kama kikombe cha kahawa, lakini kikikatika injini inachemka na safari imekwisha. Kwa hiyo walibeba viwili vya akiba.

Fundi cherehani wetu ndiye aliyeshona tanga. Lilikuwa limechanika ukingoni kwa sababu jua limekula nyuzi. Alishona mistari mitatu ya kukatiza, uzi mnene, sindano nne zikavunjika. Mama alikuja akapitisha kidole kwenye mshono, akasema huo utadumu kuliko tanga lenyewe.

Walituonyesha na sheria yao moja ambayo haikuandikwa kwenye daftari. Asubuhi kabla ya kung'oa nanga kila mtu anaulizwa, "Twende?" Mmoja akisema hapana, hakuna kwenda siku hiyo, na haulizwi sababu. Wamesafiri hivyo miaka mingi na ndoa yao bado ipo.

Kuondoka kwenyewe kuna tarehe yake. Vimbunga vya Atlantiki vina majira, tangu tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, na kampuni nyingi za bima hazikubali mashua ishuke kusini mapema. Ukiwahi, kimbunga kinakukuta njiani. Ukichelewa, baridi inakukamata kaskazini. Tuliondoka mwanzoni mwa mwezi wa kumi na moja. Watoto tuliwaacha kwa shangazi yao.

Maji ya rangi ya chai

Siku ya kwanza unapita chini ya meli za kivita, maana Norfolk ndiko kambi kubwa kuliko zote ya jeshi la majini duniani. Baada ya saa chache kelele zinaisha na unaingia mfereji mwembamba wenye miti pande zote. Kuingia unapita mlango wa maji: mashua inafungiwa kwenye kisima cha saruji, maji yanajazwa, unainuliwa zaidi ya mita 2, kisha lango la mbele linafunguka.

Huo ni mfereji wa Dismal Swamp. Jina maana yake ni kinamasi cha huzuni. Maji yake ni kahawia kama chai ya rangi, kwa sababu ya magome na majani yaliyolowana humo. Una urefu wa maili 22. Ulianza kuchimbwa mwaka 1793 ukafunguliwa mwaka 1805, na waliochimba kwa mikono, wamesimama ndani ya matope, walikuwa watumwa Waafrika.

Sasa sikilizeni. Ndani ya kinamasi hicho hicho walijificha watumwa waliotoroka. Walijenga vibanda kwenye vipande vya ardhi kavu katikati ya maji, mahali ambapo mbwa na farasi wa wawindaji walishindwa kufika. Wengine waliishi humo miaka mingi.

Mtumwa mmoja, Moses Grandy, alikuwa nahodha wa mashua za mizigo kwenye mfereji huu. Alikusanya pesa akamlipa bwana wake ili awe huru. Bwana akala pesa, akamuuza. Akakusanya tena, akamlipa bwana wa pili, akadhulumiwa tena. Mara ya tatu ndipo alipopata uhuru wake. Habari zake zilichapishwa kitabu London mwaka 1843. Sisi tulipita pale tukiwa tumekaa kwenye mito laini, tunakunywa chai, na tuseme ukweli, chai haikushuka vizuri.

Hapana ya mmoja wetu

Mfereji ukiisha unatokea mto Pasquotank na mji wa Elizabeth City, halafu mbele yako ni ghuba ya Albemarle. Kuivuka ni kama kilomita 22. Sisi watu wa Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita 1,470, tulidhani maji ya mita chache hayawezi kututisha. Kumbe hatari ni huko huko kukosa kina. Upepo ukipiga kwenye maji mafupi, mawimbi yanakuwa ya karibu karibu na yamesimama wima, hata mashua haipati nafasi ya kupumua.

Asubuhi ile upepo ulikuwa wa kaskazini mashariki. Baba alisema inawezekana. Akauliza, "Twende?"

Mmoja wetu akasema hapana.

Ni lazima tueleze. Mwaka 1996 tulivuka Tanganyika kila mmoja na familia yake, tukiwa watoto, hatujajuana bado. Boti ya mmoja wetu iliondoka usiku, imejaa kupita kiasi, upepo ukiwa umeshaanza. Mama yake alisema tusubiri. Hakukuwa na wa kumsikiliza, maana milio ya risasi ilikuwa nyuma yao. Walifika Kigoma, lakini si wote walioingia botini. Tangu siku hiyo hakukanyaga chombo chochote cha maji, mpaka safari hii.

Baba alizima injini na kufunga tena kamba gatini. Mama akaweka maharage jikoni. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulikaa hapo siku mbili, tukapika bugali, tukacheza karata. Siku ya tatu upepo ulilala, likaulizwa lile swali, na aliyesema hapana ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema twende. Katikati ya ghuba alishika usukani mwenyewe kwa saa nzima.

Tumelifikiria sana jambo hili. Tofauti ya safari ya raha na safari ya kukimbia haiko kwenye uzuri wa mashua. Iko kwenye ile ruhusa ya kusema, "Leo hapana, tusubiri." Ninyi mliopo kambini mnajua kusubiri kuliko sisi, lakini kusubiri kwenu ni mzigo, kwa sababu tarehe anaipanga mtu mwingine.

Madaraja, matope na nguba

Baada ya hapo ni siku nyingi za njia. Jua linazama kama saa kumi na moja jioni, kwa hiyo tulikwenda kilomita 80 hivi kwa siku, kisha tukatia nanga. Asubuhi sitaha ilikuwa na barafu nyembamba kama chumvi. Ukielekea kusini, alama nyekundu unaziacha kulia na za kijani kushoto. Ukikosea unakaa kwenye matope mpaka maji yajae.

Madaraja mengi marefu yamejengwa kwa futi 65 juu ya maji, yaani mita 20 hivi, ili milingoti ipite. Ya zamani ni mafupi na hufunguka. Unamwita mlinzi wa daraja kwa redio, unamwomba kwa adabu, magari yanasimama, daraja linanyanyuka, unapita, unashukuru. Hebu fikirini, foleni nzima ya magari inasimama kwa ajili ya wakimbizi wawili na wazee wawili!

North Carolina kuna mahali njia hufungwa jeshi likifanya mazoezi ya kufyatua risasi. Siku yetu ilikuwa wazi, tukapita kimya.

South Carolina kuna mto Waccamaw, wenye miti iliyosimama ndani ya maji na mashamba ya mpunga yaliyoachwa zamani. Mpunga huo ulilimwa na watumwa kutoka Afrika. Wajukuu wao wanaitwa Gullah Geechee, wanaishi pwani na visiwani hadi leo, wana lugha yao na wanashona vikapu vya majani ambavyo mama zetu wangevitambua. Kando ya barabara wanauza karanga za kuchemsha. Watu wa kusini huku wana jina la zamani la karanga, goober, na wataalamu wanasema limetoka kwenye neno la Kikongo, nguba. Wanaojua Lingala mmeshacheka. Neno limevuka bahari katika meli za watumwa na bado linaliwa.

Waliotutangulia

Georgia maji hupanda na kushuka mita 2 hadi 3 kila mara, kushoto majani, kulia majani, hakuna nyumba. Kutoka Charleston hadi St. Augustine ni karibu kilomita 500 za namna hiyo, na tulipofika tukajua kwamba sisi si wa kwanza kuelekea kusini kutafuta nafuu.

Mwaka 1687 wanaume 8, wanawake 2 na mtoto mmoja anayenyonya walitoroka utumwa wa Waingereza huko Carolina. Walikuja kwa mtumbwi mpaka St. Augustine, iliyokuwa ya Wahispania. Waingereza walipokuja kuwadai, gavana alikataa kuwatoa. Mwaka 1693 mfalme wa Hispania akatangaza kwamba wanaotoroka na kupokea dini yake wawe huru. Mwaka 1738 wakapewa makao yao kaskazini kidogo ya mji, yakaitwa Mose, na mkuu wa askari wao alikuwa Mwafrika, Francisco Menéndez. Waingereza waliyashambulia mwaka 1740, yakajengwa upya mwaka 1752. Mwaka 1763 Florida ilipopewa Waingereza, watu wa Mose wakapakiwa melini na kupelekwa Cuba. Wakawa wakimbizi mara ya pili.

Tulisimama hapo Mose. Tuliona majani, maji na upepo. Ngome kubwa ya mawe ya kombe ipo mjini bado, na mashua za ndege wa theluji hutia nanga mbele yake. Sisi tulirudi Norfolk kwa basi, Baba na Mama wakaendelea kusini wawili tu, na zile pampu zao za akiba.

Jambo moja tunawaomba. Habari za ule mtumbwi wa 1687 tunazijua kwa sababu kuna mtu alikaa akaandika idadi: wanaume 8, wanawake 2, mtoto 1. Wazee mliovuka Tanganyika bado mpo, na watoto wanajua kuandika. Chukueni daftari la shule, muulizeni bibi na babu: boti ilitoka wapi, usiku gani, nani alishika kasia, nani alikuwa ndani, nani hakufika. Andikeni majina yote. Sisi tumeshaanza. Katika boti ya mmoja wetu tumekumbuka majina 23 kati ya watu 31. Kama ulikuwa humo, ile iliyotoka Baraka ikiwa na tanga la mifuko iliyoshonwa, tuandikie, tuongeze wanane waliobaki.

Tunawasalimu wote, jirani kwa jirani.