Waliosema Mbele ya Mahakama Isiyosikia

Wajukuu zangu wana usemi wao: kwenda mahakamani ni kupoteza nauli. Mwizi anakamatwa, shahidi anaitwa, shahidi haonekani, kesi inafutwa. Ukiwauliza sababu, watakuambia hakimu kashaamua zamani. Huenda ni kweli. Lakini kuna kizazi kilichojua fika kwamba uamuzi umeshapitishwa, na bado kikaenda kusema.

Septemba 1955, katika mji mdogo wa Sumner, jimbo la Mississippi, Wazungu wawili, Roy Bryant na J. W. Milam, walipandishwa kizimbani kwa mauaji ya Emmett Till. Alikuwa mtoto mweusi wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyekwenda likizo kwa jamaa zake. Ilidaiwa alimkosea adabu mke wa Bryant dukani. Wakaja usiku, wakamtoa kitandani nyumbani kwa mzee wa ukoo wake, Moses Wright, na maiti ikaja kuopolewa mtoni.

Kesi za namna ile kule huamuliwa na juri, yaani raia 12 wanaosikiliza ushahidi kisha wakasema ana hatia au hana. Jambo zuri ukilisikia. Lakini wajumbe walitolewa katika daftari la wapiga kura, na katika wilaya ile, ambayo zaidi ya nusu ya wakazi wake walikuwa weusi, daftarini hapakuwa na mweusi hata mmoja. Mweusi aliyethubutu kujiandikisha Mississippi alitahiniwa kufasiri katiba mbele ya karani Mzungu, na karani ndiye aliyesahihisha. Aking'ang'ania, alifukuzwa kibaruani. Wengine waliuawa. Basi wote 12 walikuwa wanaume Wazungu.

Mbele ya watu hao akaitwa Moses Wright, mzee wa miaka 64, mhubiri na mkulima wa pamba katika shamba lisilo lake. Aliulizwa kama aliowaona usiku ule wamo humo ndani. Akainuka kitini, akanyosha mkono, akamwonyesha Milam kwa kidole. Mpiga picha Ernest Withers alilipiga picha tukio hilo kwa siri, nayo ipo mpaka leo: shati jeupe, tai nyembamba, mkono umenyooka kama ufito. Mweusi kumnyoshea Mzungu kidole mahakamani kule Mississippi ilikuwa ni kujitakia kifo.

Juri ilikaa faraghani dakika 67, ikarudi na kuwaachia huru. Mjumbe mmoja alisema wasingechelewa hivyo kama wasingesimama kunywa soda. Miezi michache baadaye wawili hao wakalisimulia gazeti la Look, kwa malipo, jinsi walivyoua, maana mtu aliyekwisha kuachiwa hashitakiwi tena kwa kosa lilelile. Wright alihamia Chicago.

Sisi wa Kenya tusijifanye hatukuyaona. Enzi hizohizo juri hapa ilikuwa ya Mzungu tu. Mwafrika alihukumiwa na jaji pamoja na wazee wa baraza, na jaji hakufungwa na rai yao. Aprili 1953 Jomo Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba Kapenguria, na hakimu mmoja. Mwaka uleule, huko Mississippi, mpigania haki za weusi Medgar Evers na mkewe Myrlie walipata mtoto wa kiume, wakamwita Darrell Kenyatta.

Huyo Medgar ndiye aliyevaa nguo za vibarua wa pamba akawatafuta mashahidi wa kesi ya Till. Juni 12, 1963 aliuawa kwa risasi nje ya nyumba yake. Mshitakiwa, Byron De La Beckwith, alishitakiwa mara mbili mwaka 1964, mbele ya juri za Wazungu watupu, na mara zote mbili wajumbe hawakuafikiana. Akarudi nyumbani.

Myrlie akatunza nakala ya mwenendo wa kesi. Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Mjane mwenye watoto watatu anahamia California na bado halitupi bunda lile la karatasi. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya 1965 ikafungua daftari, na daftari likafungua juri. Kesi ilipofufuliwa, serikali ilikuwa imepoteza kumbukumbu zake. Nakala ya Myrlie ndiyo iliyotumika. Februari 1994 juri ya weusi wanane na Wazungu wanne ilimtia Beckwith hatiani. Alifia kifungoni mwaka 2001. Milam na Bryant hawakutiwa hatiani kamwe kwa mauaji ya Till.

Kwa hiyo, wajukuu, mkiitwa ushahidi, nendeni. Semeni mlichokiona, mhakikishe kimeandikwa, na mkipewa nakala msiiache ikafungiwa karanga.