Geneva, Washington, Kibaha: wafadhili na mfuko wa pamoja

Geneva. Kutoka Palais des Nations hadi makao makuu ya Shirika la Afya Duniani, WHO, unafika kwa miguu, mwendo wa kupanda kidogo. Nilitaka kuwasikia wanaotoa, maana kwetu tumezoea kusikia malalamiko ya wanaopokea. Ofisa mmoja anayeshughulikia michango ya nchi yake ya Ulaya hakuzunguka. Kila mwaka bunge lao linauliza pesa ya mlipakodi imefanya nini, na ukijibu kwamba imeingia kwenye mfuko wa pamoja, hakuna mbunge anayeridhika. Anataka kusikia ni watoto wangapi wamechanjwa, tena kwa pesa ya nchi yake. Kwa hiyo mchango unatoka ukiwa tayari umepangiwa kazi.

Namwelewa. Kodi ni jasho la watu, na mbunge ana haki ya kuuliza. Lakini nchi nyingi zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, shirika linabaki kuwa mkandarasi wa kila mwenye pesa. Michango ya lazima ilishuka hadi chini ya moja ya tano ya bajeti ya WHO. Iliyobaki ni ya hiari, na mingi imefungwa kwa miradi. Mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kuipandisha michango ya lazima hatua kwa hatua hadi nusu ya bajeti ya msingi. Kwangu hayo ndiyo mageuzi yenyewe. Kisha Januari 2025 Marekani ikatangaza kujitoa, na bajeti iliyopendekezwa ya 2026–2027 ikakatwa kwa karibu moja ya tano.

Washington. Hapa kinachozungumzwa ni kura. Katika Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, maamuzi makubwa kabisa yanahitaji asilimia 85 ya kura, na Marekani peke yake ina zaidi ya 16, kwa hiyo ikikataa, jambo limekwama. Tangu mwanzo IMF imeongozwa na Mzungu wa Ulaya, na Benki ya Dunia imeongozwa na Mmarekani. Novemba 2024 Afrika kusini mwa Sahara ilipata kiti cha tatu kwenye bodi ya IMF, baada ya nchi zaidi ya 40 kuwakilishwa kwa miaka mingi na wakurugenzi wawili. Ni hatua njema. Ila kiti kimetuongezea msemaji, hakikutuongezea kura, kwa sababu kura hufuata hisa.

Na mfuko wa misaada wenyewe unapungua. Julai 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, lilifungwa na kazi zake zilizobaki zikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo. Uingereza imetangaza kushusha msaada wake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027.

Copenhagen. Kwa msaada, Denmark haijashuka chini ya asilimia 0.7 ya pato lake la taifa tangu 1978, lakini mimi naiheshimu zaidi kwa jambo jingine. Katikati ya miaka ya 1990, Tanzania na wafadhili walipokuwa wamekosana, Denmark ilikubaliana na serikali yetu kuunda jopo huru chini ya mchumi wa Kanada, Gerald Helleiner. Ripoti ya 1995 haikumwonea haya mtu: serikali ililegea, na wafadhili nao waliifunika kwa miradi waliyoibuni na kuiendesha wenyewe. Mfadhili aliyegharamia kazi ile alikubali kuambiwa hivyo hadharani.

Kibaha. Hapa nchi za Nordiki zilichanga pamoja kuanzia 1963: sekondari, kituo cha afya, mafunzo ya wakulima. Mwaka 1970 zilikabidhi vyote, likaanzishwa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo lipo hadi leo. Mradi ulikuwa mmoja, wenye siku ya kuondoka.

Kwenye zahanati moja ya mkoa huuhuu wa Pwani, friji ya chanjo ina stika ya bendera ya mfadhili, na juu ya meza kuna rejesta ya MTUHA, ambayo ni mfumo wa taarifa wa serikali yenyewe. Pembeni yake zimepangwa fomu za miradi miwili, kila mmoja na safu zake na tarehe yake ya kuwasilisha. Mwaka 2007 Tanzania ilikuwa kati ya nchi nane za kwanza kujaribu mpango wa mashirika ya Umoja wa Mataifa kufanya kazi kama shirika moja. Kwenye meza hii umoja huo haujafika.

"Kaka, mama mjamzito ni mmoja, namwandika mara tatu," nesi aliniambia, akinionyesha jina lilelile kwenye karatasi tatu. Nikamuuliza angewaomba nini wakubwa wa Geneva. Hakutaja posho wala gari. Alisema waisome MTUHA, na kama kuna safu wanayoikosa, waiombe wizara iiongeze humohumo.

Nimemwandikia yule ofisa wa Ulaya ombi hilo kama lilivyo. Idadi anayoidai mbunge wake imo ndani ya rejesta ile.