Kifo cha Rosa na Daftari la Mahudhurio

Wahenga walisema kwamba mficha maradhi kifo humfichua. Methali hii hutumiwa kumwonya mgonjwa asiyetaka kutafuta dawa. Lakini jamii nayo ina maradhi yake, na aghalabu hadithi za kubuni ndizo ziyafichuazo, kwa kutuonyesha kifo cha mtu ambaye tusingependa kumkumbuka.

Tuitazame riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotolewa mwaka 1971. Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi, tena mkali mno kwa mabinti zake. Barua ya mvulana yatosha kumfanya Rosa apigwe vibaya. Zakaria alidhani anamkunja samaki angali mbichi. Kumbe alimlea binti asiyewajua wanaume ila kwa kuwaogopa, na hofu si elimu. Alipokuwa shuleni, mbali na macho ya baba, hakuwa na ngao. Wanaume walimchezea, kisha jamii ile ile ikamwona hafai. Hata Charles, aliyetaka kumwoa, alimwacha alipoyajua yaliyopita. Rosa akajiua.

Yafaa tuangalie jinsi mwandishi anavyokitumia kifo hicho. Hakukifanya kuwa adhabu ya mwenye dhambi, kama zifanyavyo ngano za kuwatisha watoto. Anawasimamisha baba na binti mbele ya Mungu, kila mmoja akimlaumu mwenzake. Kwa hiyo kesi haiishi kaburini. Msomaji naye anaitwa kuwa shahidi, na hana budi kujiuliza yeye alikuwa wapi.

Haishangazi basi kwamba kitabu hicho kilipigwa marufuku shuleni kwa muda, kabla ya kukubaliwa kuwa kitabu cha kusomeshwa. Wengi waliona haya kusoma mambo ambayo jamii haikuona haya kuyatenda.

Sisi wenyewe swali hilo lilitukuta tukiwa walimu vijana. Msichana mmoja wa darasa letu alionekana kuwa mja mzito, akafukuzwa siku ile ile. Tulichukua kalamu ya wino mwekundu, tukalipiga mstari jina lake katika daftari la mahudhurio, kisha tukaendelea na somo. Miezi michache baadaye tulisikia kwamba amefariki katika uzazi kijijini kwao. Asubuhi ile wanafunzi hawakutangaziwa neno, wala hakuna mwalimu aliyekwenda mazikoni. Mwanamume aliyempa mimba hakuulizwa kitu. Nasi tulikuwa tumekwisha kuisoma Rosa Mistika, tena tulimhurumia Rosa. Lakini yule wa darasani mwetu hatukumwona.

Mwaka 2021 serikali ya Tanzania iliruhusu wasichana waliokatizwa masomo kwa sababu ya uzazi warudi shuleni. Ni hatua njema. Hata hivyo, msichana anayerudi atakutana na macho ya wenzake na maneno ya walimu, na hayo hayabadilishwi kwa waraka peke yake. Hapo ndipo fasihi ina kazi.

Utamaduni wa taifa haukomei katika ngoma na mavazi. Umo pia katika namna tunavyowakumbuka wafu wetu: nani tunamtaja, na nani tunamfuta. Walimu wenzetu, mnapoisomesha riwaya hii, msiishie kuuliza Rosa alikosea wapi. Waulizeni wanafunzi ni nani aliyekuwa akikaa kwenye dawati lililo tupu, na kwa nini jina lake halitajwi tena.