Chai Nayo Ina Saa Yake

Ndugu msomaji, naomba tuketi kidogo tuzungumze habari za chai. Najua utasema, "Karani huyu amekosa la kuandika, nani asiyeijua chai?" Hata mimi nalisema hivyo zamani. Nimezaliwa Rungwe, katika vilima vya chai. Mama yangu alikuwa akinibeba mgongoni huku akichuma, na karo yangu ya chuo cha ualimu ilitoka katika shamba letu dogo la chai. Sasa ni mwaka wa kumi natunza vitabu vya parokia, naandika majina ya wanaobatizwa na ya wanaozikwa, na birika haliondoki mezani pangu. Kumbe mambo ya chai nalikuwa siyajui! Aliyenifundisha ni mtoto wangu wa miaka mitatu, tena kwa hofu kubwa.

Mambo yalikuwa hivi. Kitinda mimba wetu si mtoto wa kulia, na ndiyo maana hatukuona upesi kwamba ana shida. Wenzake wakicheza, yeye hukaa kizingitini. Tena akaanza kubandua udongo wa ukutani na kuula. Tukamkaripia, tukidhani ni utundu. Mama yake akaniambia, "Mbona viganja vya mtoto vimekuwa vyeupe?" Mimi nikajibu kwamba labda ni minyoo, tungoje mwisho wa mwezi. Hata asubuhi moja alipanda ngazi tatu tu za kanisa, akaketi, akawa anahema kama mzee aliyetoka shamba. Hapo moyo wangu ukashtuka. Sikungoja mwisho wa mwezi. Nalimbeba siku ile ile mpaka zahanati.

Mganga wa zahanati ni mama mpole, lakini hana maneno mengi. Alimfunua mtoto kope za chini, akatazama viganja, akatoa tone la damu kidoleni, akalipima. Akasema, "Bwana Karani, kipimo cha damu ya mtoto huyu ni 8. Kwa umri wake haipasi kushuka chini ya 11." Akapima malaria, hakuna. Akapima choo, hakuna minyoo. Kisha akaniuliza, "Anakula nini?"

Nalimjibu kwa kiburi kidogo, "Ndizi, maharage, ugali na mboga za majani. Nyumbani kwetu hakuna njaa, Dokta."

"Na anakunywa nini?"

"Chai ya rangi. Asubuhi kwa kiporo cha maharage, mchana, na jioni. Aipenda chai kama baba yake."

Yule mama akaweka kalamu mezani, akanitazama. "Basi," akasema, "mnateka maji kwa pakacha."

Sikiliza vema, ndugu msomaji, maana alilonieleza yafaa lijulikane katika kila nyumba. Mwili hauwezi kutengeneza damu pasipo madini ya chuma. Maharage na mboga za majani yana chuma, lakini chuma chake ni kigumu kuingia mwilini. Sasa majani ya chai yana kitu chenye ukali, kile kinachokukausha ulimi unapokunywa chai iliyokolea. Kitu hicho hukishika chuma tumboni, kisha vyote viwili hutoka chooni bila kuufaa mwili. Kikombe kimoja cha chai kali kikinywewa pamoja na chakula cha namna hiyo, chaweza kupunguza chuma kinachoingia mwilini kwa zaidi ya nusu. Chuma cha nyama, ini na samaki hakizuiliki sana. Lakini sisi wa vijijini, nyama twaila mara ngapi kwa mwezi?

Mtoto akapewa dawa ya chuma ya maji. Chai ikakoma. Penye maharage tukaongeza pera au chungwa, maana vitamini C iliyo katika matunda hayo husaidia chuma kuingia mwilini. Miezi mitatu baadaye kipimo chake kilikuwa 11 na nusu, na leo anawafukuza mbuzi wa jirani. Lakini usiku ule wa kwanza sikulala. Nalifikiri: mtu nimesoma, nimekaa chuoni, nyumba ina chakula, na mtoto wangu akakaukiwa damu mezani pangu kwa kitu nilichommiminia kwa mkono wangu mwenyewe!

Tangu hapo nikawa mtu wa kuuliza na kusoma juu ya chai. Haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, chai nyeusi, chai ya kijani na chai nyeupe si miti mitatu. Ni mti mmoja. Wajerumani waliupanda Amani, huko Usambara, mwaka 1902, na hapa kwetu Kyimbila mwaka 1904. Tofauti ni ya kiwandani. Kwa chai nyeusi, majani hunyaushwa, husagwa, huachwa hewani mpaka yageuke rangi kama shaba, ndipo hukaushwa kwa moto. Ya kijani hupitishwa katika joto mapema ili yasigeuke. Nyeupe ni vichipukizi vichanga vilivyokaushwa tu, na bei yake si ya mfuko wa karani. Kwa hiyo mtu akikuuzia chai ya kijani kwa bei ya mbuzi, akidai ni mti wa ajabu, mwambie kwamba ndugu yake iko jikoni kwako.

Je, chai ina faida? Naam, inayo. Maji yake yamechemshwa, nalo si jambo dogo mahali ambapo maji ya kisima si salama. Ina kafeini, ambayo huondoa uchovu na kuamsha akili, lakini kwa kiasi kidogo kuliko kahawa. Tena uchunguzi mmoja wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2022, uliofuata habari za watu karibu nusu milioni, ulionyesha kwamba wanywaji wa vikombe viwili au zaidi vya chai nyeusi kwa siku walikufa wachache kidogo kuliko wasiokunywa. Hilo halithibitishi kwamba chai ndiyo iliyowaongezea siku. Lakini angalau latuonyesha kwamba mtu mzima mwenye afya hana sababu ya kuiogopa.

Pili, ziko zile tuziitazo chai, na kumbe hazina hata jani moja la mti wa chai. Mchaichai hauna kafeini, nao wafaa jioni kwa mtu asiyepata usingizi. Tangawizi husaidia kichefuchefu, hata cha mama mjamzito, mradi isizidi kiasi. Maua mekundu ya choya, ambayo wengine huyaita rozela, yameonekana katika uchunguzi kushusha kidogo shinikizo la damu. Nasema kidogo. Katika kitabu changu cha maziko nimeandika jina la mzee aliyeacha vidonge vyake vya shinikizo la damu, kwa kuwa mchuuzi mmoja gulioni alimwambia kwamba choya yatosha. Sitaki kuandika jina la pili. Choya ni kinywaji kizuri. Kidonge ni dawa. Ukitaka kuvitumia vyote viwili, mwulize kwanza aliyekupa vidonge.

Tatu, iko hatari tunayoitia wenyewe kikombeni. Ya kwanza ni sukari. Shirika la Afya la Dunia lashauri kwamba ni bora sukari ya kuongezwa isizidi yapata vijiko sita vya chai kwa siku kwa mtu mzima. Wako wanaotia vinne katika kikombe kimoja, na wanakunywa vitatu! Ya pili ni moto. Mwaka 2016 wataalamu wa kimataifa wa saratani walitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, vyenye joto la kupita digrii 65, yamkini huleta saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Nayo saratani hiyo ni nyingi katika nchi zetu za Afrika Mashariki. Wazee wetu husifu chai "inayochoma". Mimi sasa naiacha ipoe dakika chache.

Utaniuliza, "Basi, Karani, tufanyeje? Tuvunje mabirika?" La, hasha! Mgeni akija tutampa nini? Fanya haya tu. Mtoto mdogo asipewe chai kabisa. Uji, na maji safi yaliyochemshwa, vyamtosha. Wakubwa wale kwanza, kisha wapumzike saa moja au zaidi, ndipo wanywe chai yao. Asubuhi ukiwa na haraka, kunywa chai kwa kiazi au mkate, na maharage uyaache mpaka mchana. Na ninyi akina mama wajawazito, vidonge vya kuongeza damu mnavyopewa kliniki msivimeze kwa chai hata siku moja. Vimezeni kwa maji, na chai ingoje. Punguzeni pia idadi ya vikombe, maana kafeini nyingi haimfai mtoto aliye tumboni.

Mama yangu mzazi alipokuja kututembelea na kuona birika linakaa pembeni wakati wa chakula, alinung'unika. "Mwanangu, chai hii ndiyo iliyokusomesha, leo waionea haya?" Nikamwambia, "Siionei haya, mama. Naipa saa yake." Nikamweleza habari za mjukuu wake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema kwamba na yeye alinilea hivyo hivyo, na wadogo zangu wawili walikuwa hivyo hivyo, wakila udongo na kuhema, wala hakuna aliyemwuliza wanakunywa nini. Mmoja wao hakuvuka mwaka wa nne. Hatujui kilichomwua, wala sitasema ni chai. Lakini mama alisukuma kikombe chake pembeni, akangoja saa ipite.

Ndugu msomaji, leo jioni kabla hujamimina, mwite mtoto wako karibu na taa. Tazama viganja vyake, ulinganishe na vyako. Ukiviona vyeupe, au ukisikia kwamba anakula udongo, usiseme kama mimi, "Tungoje mwisho wa mwezi." Mbebe umpeleke zahanati kesho asubuhi.