Hatua za Gizani

Tulipokuwa watoto kule Kadutu, redio ilikuwa moja na masikio yalikuwa mengi. Mchana mawe ya redio yalianikwa juani yapate nguvu kidogo. Usiku Baba alitafuta sauti ya Dar es Salaam kati ya makelele ya hewani. Ndipo tulipowajua Pwagu na Pwaguzi, wale walaghai wawili wa Radio Tanzania. Tulicheka sana. Lakini katika michezo mingine mlango ulilia, hatua zikasikika polepole, na kicheko kikakoma. Mama mdogo alisema, "Shemeji, punguza sauti, watoto hawatalala." Wala yeye mwenyewe hakuondoka.

Kwa nini sauti tupu ilitutisha? Kwa kuwa mwuaji hakuonekana, kila mmoja alijitengenezea wake, mbaya kuliko wote. Wamarekani waliijua siri hiyo zamani. Kipindi chao kilichoitwa Suspense kilidumu tangu mwaka 1942 hata 1962. Mwaka 1943 kilitoa mchezo wa Lucille Fletcher, Sorry, Wrong Number. Mwanamke mgonjwa yu kitandani, apiga simu, na kwa bahati mbaya asikia watu wawili wakipatana kumwua mwanamke fulani. Awaarifu polisi, wasimjali. Kumbe atakayeuawa ni yeye! Hata hivyo, mchezo ulipokwisha, mchezaji aliyeuawa alikwenda zake nyumbani kula chakula.

Sisi wa Bukavu tumeona hadithi ya namna nyingine. Jioni ya tarehe 13 Juni 2007, Serge Maheshe, mwandishi wa habari wa Radio Okapi, alipigwa risasi akafa hapa mjini. Rafiki zake wawili waliokuwa pamoja naye walihukumiwa kifo, na mwaka uliofuata korti ya rufani ikawaachilia. Tarehe 21 Novemba 2008 mwenzake wa redio ile ile, Didace Namujimbo, aliuawa kwa risasi alipokuwa akirudi nyumbani. Sauti tulizozizoea zilinyamaza, na hatua zilizopita nje ya ua usiku hazikuwa mchezo tena.

Je, tuache kupenda michezo ile? Sisi twaona sivyo. Ilitupa jambo moja jema: mtoto wa Kadutu hakukubali kulala kabla ya kuuliza, "Baba, nani aliyefanya?" Sisi watu wazima tumejifunza kulala bila kuuliza. Twasema, "Hayo si yangu," nasi twavuta blanketi.

Basi, msomaji mpenzi, jirani akipiga sufuria usiku kuomba msaada, tusiwe kama polisi wa mchezo ule. Tuamke, tupige na sisi. Na asubuhi tuulize swali la mtoto, wala tusichoke kuliuliza.