Vitu Viwili Vinaposuguana

Mwishoni mwa miaka ya 1950, John Charnley, daktari wa upasuaji wa mifupa katika hospitali ya Wrightington, Uingereza, alikuwa akiwawekea wagonjwa nyonga bandia zenye bakuli la Tefloni. Alitaka utelezi, na ni vitu vichache vinavyoteleza kama Tefloni. Watu walioingia kwa magongo walitoka wakitembea wenyewe. Haikupita miaka mingi, mabakuli yakalika, ungaunga wake ukauchokoza mwili, maumivu yakarudi. Ikabidi awapasue upya.

Mwaka 1962 mchuuzi alileta hospitalini kipande cha polietilini, plastiki iliyokuwa ikitengenezewa gia za mitambo ya kufumia nguo. Charnley aliikwaruza kwa ukucha wa kidole gumba, akaona haina maana, akaenda zake. Fundi wake wa maabara, Harry Craven, hakuitupa. Aliifunga kwenye mashine ya majaribio, ikasuguliwa usiku na mchana. Baada ya wiki tatu ilikuwa haijalika hata kiasi ambacho Tefloni hulika kwa siku moja. Novemba mwaka huohuo, Charnley akaanza kuitumia. Plastiki ya ukoo huo, iliyoimarishwa zaidi kwa mionzi, ingali inawekwa hadi leo.

Shangazi yangu alipofikiwa na zamu yake ya kubadilishwa nyonga, alimuuliza daktari: "Mwanangu, ipi ambayo haisagiki kabisa?"

"Hiyo haipo, mama," daktari akamjibu. "Zote zinasagika. Tunachoangalia ni unga wake, mwili utauvumilia au hautauvumilia."

Jibu hilo lilinikaa. Nyonga za metali juu ya metali zilisifiwa kwa ugumu wake, kumbe kwa baadhi ya wagonjwa chembe za kobalti na kromiamu ziliingia kwenye damu na kuharibu nyama zinazozunguka kiungo. Mwaka 2010 aina moja ya nyonga hizo ikaondolewa sokoni duniani kote. Kauri juu ya kauri hulika kidogo mno, ila mara chache huvunjika, na wapo ambao nyonga zao hulia wakitembea. Shangazi alichagua kichwa cha kauri ndani ya bakuli la plastiki.

Nami tangu hapo nawatazama watu kwa jicho jingine. Nilikuwa na rafiki ambaye hatukuwahi kukwaruzana hata siku moja, lakini kila tulipoagana nilibaki na kijineno chake kinanichoma hadi usiku. Kazini nina mwenzangu ambaye wiki haiishi hatujabishana kwa sauti. Tukimaliza anauliza nani ananunua chai, na yamekwisha. Kwa haraka ungedhani yule wa kwanza ndiye wa kudumu naye. Miaka ndiyo iliyonionyesha vingine, na huyu wa pili nakusudia kubishana naye hadi tustaafu.