Chema chajiuza, hakiulizi jinsia

Ikiwa una tineja nyumbani, bila shaka umekwisha kuyasikia maswali yake. Sisi tuliambiwa rangi ya waridi ni ya wasichana na samawati ni ya wavulana, tukanyamaza. Watoto wetu wanauliza, "Nani alisema?" Wengine hata hutamka wazi kwamba hawajioni kuwa wavulana wala wasichana. Sisi wazazi hubaki vinywa wazi, lakini wenzao huendelea na gumzo kama kawaida.

Ninaishi Nairobi na mpwa wangu wa miaka 14 ambaye hupenda sana kushona. Suruali zake huzipunguza mwenyewe, na vifungo vyangu ni kazi yake. Binti yangu alimnunulia kisanduku cha nyuzi na sindano. Mfuniko wake ulikuwa na picha ya msichana akitabasamu. Siku marafiki zake walipobisha hodi, kijana alikisukuma kisanduku chini ya kitanda. Nilipomuuliza, alinijibu: "Mjomba, sindano si shida. Shida ni huyo msichana wa kwenye mfuniko."

Usidhani yuko peke yake. Mwaka wa 2021, kampuni ya vichezeo ya Lego kutoka Denmark ilitangaza matokeo ya uchunguzi uliohoji karibu wazazi na watoto 7,000 katika nchi saba. Katika kila wavulana 100, 71 waliogopa kuchekwa wakionekana na kichezeo kinachodhaniwa kuwa cha wasichana. Kwa wasichana, hofu ya namna hiyo iliwapata 42. Lego iliahidi kuondoa ubaguzi wa kijinsia katika vichezeo vyake. Miaka miwili kabla ya hapo, Mattel ya Marekani, watengenezaji wa Barbie, ilikuwa imetoa mwanasesere ambaye mtoto humvisha nguo na nywele apendavyo, awe mvulana, msichana au asiwe yeyote kati yao.

Wasiosikiliza huchekwa. Mwaka wa 2012 kampuni ya BIC ilifanyiwa mzaha mkubwa kwenye intaneti kwa kuuza kalamu zilizoitwa za wanawake, kana kwamba wino nao una jinsia!

Basi enyi wenye viwanda na maduka, wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Tuelezeni chombo kinafanya kazi gani, mwacheni mnunuzi aamue ni cha nani. Waulizeni matineja kabla ya kuchapisha picha. Wala msibadilishe rangi ya karatasi tu huku mawazo yakibaki yale yale, maana vijana hawa hutambua upesi.

Nawe mzazi, kabla ya kumlaumu mfanyabiashara, hebu sikiliza vicheko vya sebuleni mwako. Je, mwanao anaficha nini chini ya kitanda?